Simba Auawe Wakati wa Kurudi

Mabibi na mabwana, wazazi, walimu, shikamooni wakubwa. Mliokwisha kunisikia mnajua nitakachosema, kwa hiyo mnaruhusiwa kusinzia mpaka nitakapofika kwenye viatu.

Matembezi ya milimani na watoto huharibika wakati wa kurudi. Nimelisema hili mpaka limeniota ndevu, na bado kila likizo ya Juni familia zinapanda Lushoto, mji wa milima ya Usambara, na kufanya vilevile. Wakati wa kwenda mtoto anakimbia mbele, anaokota vijiti, anauliza maswali. Baba anafurahi, anatoa kila alichonacho: biskuti zote, juisi yote, hadithi yote. Wanafika mwamba wa Irente, wanapiga picha, wanageuka. Sasa kuna kilomita kama 6 za kurudi mjini, mkobani mna chupa tupu na kichwani mwa baba hamna kitu. Hapo ndipo mtoto wa miaka saba anakaa chini katikati ya kijiji cha Yoghoi na kutangaza kwamba miguu imekwisha. Miguu haijaisha. Kilichokwisha ni sababu ya kuinyanyua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: gaweni akiba, na hadithi ni sehemu ya akiba. Simba wa Mbegha asiuawe kabla ya kugeuka.

Naona wengine wananitazama. Mbegha mnamjua, au mlimjua mkiwa darasa la tatu mkamsahau. Ndiye mwindaji aliyetoka Nguu akawa mfalme wa kwanza wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Washambaa kutoka Vuga. Hadithi yake imekaa kama iliyotungwa kwa ajili ya njia hii, kwa sababu karibu kila kilichomo kinaonekana kando ya barabara. Ngoja niikate vipande, mwone kila kimoja kinawekwa wapi.

Mnaanza mjini saa moja na nusu asubuhi, mwisho saa mbili. Hapa msisimulie chochote cha Mbegha. Onyesheni majengo ya zamani, semeni kwamba Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, basi. Mtoto bado ana nguvu, mwacheni azitumie.

Mkishaacha nyumba za mjini na njia kuanza kupanda, kipande cha kwanza: meno. Mbegha alikuwa kigego, aliota meno ya juu kwanza, na zamani hilo lilihesabiwa mkosi mkubwa. Wazazi wake walipofariki, ndugu zake wakamnyima urithi. Ishieni hapo. Waulizeni watoto nani anajua yeye aliota meno gani kwanza. Mama atalazimika kujibu, bibi atapigiwa simu, na mtakuwa mmepanda mlima wa kwanza bila mtu kuuona. Kwa watoto wadogo msiingie katika waliyofanyiwa vigego. Inatosha kwamba alionewa. Mtoto yeyote mwenye kaka mkubwa anaelewa kuonewa.

Kipande cha pili kinasubiri mashamba. Hapo kuna mahindi, maharage, migomba, na mkulima yeyote wa kule atawaambia habari za nguruwe mwitu. Mbegha aliwinda nguruwe hao hao. Alikwenda Kilindi, akapendwa na mtoto wa mkubwa wa pale, kijana akafa mawindoni, Mbegha akakimbia na mbwa wake na wenzake wachache. Kata hapo tena. Watoto watalalamika. Vizuri.

Cha tatu ni cha migomba. Mbegha amejificha porini Usambara, watu wanaona moshi wa moto wake, wanamfuata, wanamkuta ana nyama tele lakini hana chakula cha kulia nyama hiyo. Wao wana ndizi, hawana nyama. Wakabadilishana. Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, na wengi hukiruka wakimbilie simba. Ukisimama kwenye ukingo wa Usambara unaona mara moja kwa nini kilitokea: juu kuna maji, udongo na migomba, chini nyikani kuna joto na wanyama. Mtu anayeweza kuwapa watu wa juu kitu cha chini, na kuwaua nguruwe wanaokula mashamba yao, huyo atapewa nyumba, atapewa mke, na mwisho atapewa ugomvi wa watu aamue. Kutoka kugawa nyama mpaka kugawa haki si mbali. Na hapa ndipo pa kutolea ndizi zenu wenyewe mkobani, moja kwa kila mtoto. Moja! Nyingine ni ya kurudi.

Kuna anayetaka kuniuliza kama hadithi hii ni ya kweli. Huulizwa kila mara, na mara nyingi na mwalimu. Nakujibu hivi, mwalimu: Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Vuga mwaka 1848 akamkuta Kimweri ye Nyumbai anatawala nchi kubwa, wa ukoo huohuo wa Mbegha. Ufalme ulikuwepo, ukoo ulikuwepo, Vuga ipo mpaka leo. Kuhusu meno na simba, hilo waachieni Washambaa, wamelitunza vizuri kuliko tulivyotunza mambo ya juzi. Na yule anayesema kutembea kwa kujifurahisha ni mambo ya Wazungu, atembee siku ya gulio aone akina mama wanavyoshuka na mikungu kichwani wakiongea na kucheka. Wao wana kazi, kweli. Lakini huo uongeaji wa njiani ni nini kama si huu ninaouhubiri?

Nimepotea. Turudi njiani.

Mwendo. Mtu mzima anafika Irente kwa saa moja na nusu. Mtoto wa miaka sita mpaka tisa, kwenye mwinuko na kwa kusimamasimama, anakwenda kilomita 2 kwa saa. Kwa hiyo kwenda ni saa tatu, na msijaribu kuzifanya mbili. Mtoto akiharakishwa kwenye mwinuko anapumua kwa mdomo, anakunywa maji mengi kwa mkupuo, tumbo linamchoma, halafu mnasema hana mazoezi. Anayeongoza awe mtoto mdogo kuliko wote. Baba akae nyuma. Baba akiongoza, familia inakuwa vikundi vitatu kabla ya kilima cha pili.

Maji nusu lita kwa kila mtoto kwa kila saa mbili za baridi, na zaidi jua likitoka. Nusu ya maji yote yafike Irente bila kuguswa. Wekeni chupa za kurudi chini kabisa ya mkoba, chini ya masweta, ili kuzitoa kuwe na usumbufu.

Walio na watoto wa chini ya miaka sita, kilomita 12 kwa siku ni nyingi. Tembeeni upande mmoja tu. Watu wengi hutembea kwenda na kukodi gari la kurudi. Mimi nasema kinyume. Pandeni gari asubuhi mpaka Irente, mwone bonde mtoto akiwa hajachoka, mrudi kwa miguu. Mkiwa mnaelekea mjini, kwenye chakula na kitanda, kila hatua inampeleka mtoto anakotaka kwenda. Na bodaboda ya dharura hupatikana kwa urahisi kadiri mnavyoukaribia mji. Mtoto wa mgongoni abebwe kwa mbeleko, na anayembeba ashike fimbo kwenye mteremko, maana huoni vizuri unapokanyaga.

Sasa mwamba wenyewe. Sikilizeni vizuri maana hapa sitanii. Mwamba wa Irente ni genge. Chini yenu kuna kama mita elfu moja mpaka nyikani. Msitegemee ukuta wala kamba ya kuwazuia. Mkono wa kila mtoto uwe mkononi mwa mtu mzima kabla hamjaanza kuona anga mbele, siyo baada ya kufika. Mtoto haruhusiwi kusogea karibu na ukingo kuliko hatua tano za mtu mzima, na hakuna kurudi nyuma kinyumenyume kutafuta nafasi ya picha. Jiwe likiwa na unyevu wa ukungu, kaeni chini. Juni mpaka Agosti ukungu wa asubuhi unaweza kufunika kila kitu mpaka saa nne au tano, ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia. Mkifika hamwoni kitu, subirini. Hufunguka ghafla.

Mkishakaa, onyesheni kwa kidole. Kule chini ni Mazinde. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ugomvi wa ukoo ulianza, na mwanawe Semboja alikaa Mazinde badala ya Vuga. Kwa nini mtoto wa mfalme ashuke kwenye joto? Kwa sababu misafara ya biashara ya kutoka Pangani ilipita hapo, na kwenye misafara kulikuwa na bunduki. Mzee wa ukoo wake, Mbegha, alipata ufalme kwa nyama ya nyikani, yeye akautafuta kwa bunduki za nyikani. Waambieni watoto wenu wakubwa wa miaka 12 na 13 waione njia hiyo leo: barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha iko palepale, na reli iliyofika Moshi mwaka 1911 iko palepale, na mashamba ya mkonge yamepangwa kandokando. Hao wakubwa mnaweza pia kuwaambia kwamba Mputa, mtoto wa Semboja, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Wadogo waachieni magari yanayoonekana kama siafu.

Dakika 40 zinatosha pale. Chakula msile mwambani, upepo utawaibia mikate na watoto watasimama kuifuata. Kuleni kwenye shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, mlilolipita njiani. Wana mkate wa ngano nzima, jibini na jemu, lakini agizeni mapema mnapopita, msije mkafika na watoto wanane wenye njaa mkategemea muujiza. Jirani kuna watoto wanaolelewa pale, na shule ya wasioona. Si vivutio. Simu zikae mifukoni.

Sasa mmeshiba, mmegeuka, saa saba inakaribia. Mnatembea dakika 20 kimya. Wa kwanza anaanza kuburuta mguu. Sasa: "Basi wazee wa Vuga wakamfuata Mbegha Bumbuli..." Mtaona shingo zinavyogeuka. Wanamchukua usiku, kuna giza, kuna mbwa wanaonguruma, kuna kitu kwenye kichaka. Wengine husema simba aliuawa njiani, wengine husema Vuga kwenyewe. Chagueni moja na msibadilishe, watoto watawakamata. Mnyoosheni simba huyo kwa kilomita 2 nzima. Auawe kwenye mwinuko wa mwisho, na watu wote wapige kelele: Simba Mwene! Ndilo jina la heshima waliloitwa wafalme wa Vuga. Watoto watapiga kelele hiyo mpaka stendi, na wazee wa kule watacheka, na mmoja atawasahihisha hadithi yenu. Mwacheni asahihishe. Mpeni shikamoo, mkae.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Viatu, amkeni. Udongo wa kule ni mwekundu, ukilowa unateleza kama sabuni. Yeboyebo hapana. Raba yenye meno, iliyokwisha kuvaliwa angalau wiki mbili, si ile ya Krismasi. Kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla, siyo asubuhi hiyo; kwenye mteremko kidole kinagonga mbele ya kiatu, na kucha ndefu inakuwa nyeusi, kucha iliyokatwa jana mpaka nyamani inauma. Soksi za akiba jozi moja. Lengelenge likianza, mtoto husema "kiatu kinakula". Simameni palepale, mfungeni plasta. Kwenye kilima kinachofuata mtakuwa mmechelewa.

Kiongozi wa njia: mchukueni, hasa kwa vijia vya mashambani, kuliko kula vumbi la magari barabarani. Awe na kitambulisho, bei mkubaliane kabla, na mseme wazi ni ya kundi zima au ya kichwa. Ulizeni kama ada ya kuingia mwambani imo. Mwambieni pia mapema kwamba simba ni wenu.

Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 za kona. Watoto wasipewe chai ya maziwa na maandazi Mombo. Wapate mkate mkavu, wakae wakitazama mbele, mshuke Soni waone maporomoko. Siku hiyo msitembee.

Nilitaka kuwaeleza Vuga na makaburi ya wafalme, sina muda. Ombeni ruhusa kwa wazee kwanza, msiende kama mnakwenda sokoni. Magamba ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, mnalipa getini na kuchukua stakabadhi, kuna mbega weusi kwa weupe, na kwa watoto kizunguko kifupi cha saa mbili kinatosha. Vinyonga mtawaona, msiwashike, na msimpe hela mtoto wa kijijini aliyemfunga kinyonga kwenye kijiti. Machi mpaka Mei msiende popote kati ya sehemu hizi, masika yanachukua hata njia.

Na Amani, Usambara Mashariki, kwa wale walioandika kwenye vikaratasi: ndiyo, mnaweza, kuna njia fupi za msituni na bustani ya mimea ya tangu mwaka 1902. Lakini kule hunyesha hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo koti la mvua kwa kila mtoto, na suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa sababu ya siafu.