Usimchagulie Mtumiaji: Mhadhara Kuhusu Orodha Kunjuzi

Habari za mchana, vijana. Walioko nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele.

Nimeombwa nizungumzie upangaji wa orodha kunjuzi kwenye programu za kompyuta ya mezani, kile kisanduku kinachofunguka kikatoa majibu ya kuchagua, ambacho wengi wenu mnakiita komboboksi. Waandaaji wamenipa karatasi yenye vichwa vingi, na nawaambia mapema kwamba sitavimaliza. Kuna jambo moja ambalo nalisema kila ninapopewa kipaza sauti. Walionisikia zamani watanivumilia, kwa sababu juzi nimefungua programu iliyoandikwa mwaka huu huu na tatizo ni lilelile.

Jambo lenyewe ni hili: fomu mpya inapofunguka, orodha kunjuzi iwe tupu. Isionyeshe jibu ambalo hakuna binadamu aliyelitoa.

Nitatumia Windows Forms, zana ya Microsoft ya kutengeneza fomu za programu za Windows, iliyokuja na .NET ya kwanza mwaka 2002, kwa sababu ndiyo wengi wenu mtakayoikuta kazini. Komboboksi ya Windows Forms ina tabia mbili tofauti. Ukiijaza mwenyewe kwa Items.Add, SelectedIndex, yaani namba ya kilichochaguliwa, inabaki -1, maana yake hakuna kilichochaguliwa. Ukiiunganisha na jedwali kwa DataSource, inajichagulia safu ya kwanza. Haitoi kosa wala onyo. Fomu inafunguka, kisanduku kina jina ndani, na mwanafunzi anafurahi kwamba data imeingia.

Sasa chukueni mikoa ya Tanzania, yote 31, muipange kwa alfabeti. Wa kwanza ni nani? Naam, Arusha. Mwenzetu wa Kenya akizipanga kaunti zake 47 kwa alfabeti atapata Baringo, na akizipanga kwa namba zake rasmi atapata Mombasa. Kwa hiyo kuna mkoa au kaunti inayopata wakazi wapya kila siku kwa sababu tu ya jinsi jina lake linavyoanza.

Mnacheka. Basi sikilizeni.

Kuna kituo kimoja cha afya Kanda ya Ziwa, sitakitaja. Walifungiwa programu ya usajili wa wagonjwa, ikaenda vizuri, kila mtu akaisifu. Ripoti ya robo mwaka ilipotoka ikaonyesha kwamba wagonjwa kutoka Arusha ni wengi kuliko wanaotoka mkoa wa jirani kabisa. Mganga mfawidhi akaipeleka kwenye kikao. Kikaoni watu wakaanza kutafuta sababu. Mmoja akasema ni wafanyabiashara wa mnadani. Mwingine akasema ni wafugaji wanaofuata malisho. Mwingine akataka wakajue huduma gani inawavuta watu kutoka mbali hivyo, ili iongezewe bajeti. Watu wazima wenye elimu zao walikaa wakalitungia maelezo jambo ambalo halikuwapo, na siwalaumu, kwa sababu namba ilikuwa imechapwa kwenye karatasi yenye muhuri.

Nilipoitwa sikuanza na msimbo. Nilikaa mapokezi nikamwangalia dada anayesajili. Foleni imefika mlangoni, mtoto analia, mzee anauliza dirisha la dawa liko wapi. Dada anaandika jina, anabonyeza Tab, kitufe cha kurukia kisanduku kinachofuata. Umri, Tab. Simu, Tab. Anafika kwenye mkoa: kisanduku kimeshajaa, kinasema Arusha. Tab. Anaendelea na kijiji. Hakukiangalia hata kidogo, na hakuwa na sababu ya kukiangalia. Mtu mwenye haraka anatafuta penye pengo ajaze, palipojaa anapita. Kila mmoja wenu angefanya vivyo hivyo saa mbili asubuhi siku ya kliniki.

Dada yule hakuwa na kosa lolote. Mganga mfawidhi naye hakuwa na kosa. Msimbo ulikuwa na mistari mitatu ya kuunganisha data, ukakosa wa nne.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, na sehemu hii ndiyo nataka muondoke nayo. Tukafungua jedwali ili tusahihishe. Sehemu ya mkoa imejaa namba 1, ndiyo namba ya Arusha. Lakini baadhi ya wale watu walitoka Arusha kweli! Nitamtenganishaje mtu wa Arumeru aliyeandikwa Arusha kwa haki yake na mtu wa Magu aliyeandikwa Arusha kwa sababu ya Tab? Ndani ya kanzidata wote wawili ni 1. Baadhi tuliwapata kwa kurudi kwenye rejesta za karatasi, ukurasa kwa ukurasa. Waliobaki ilibidi sehemu ya mkoa ifutwe iwe NULL, yaani bila jibu, pamoja na wale wa Arusha wa kweli. Taarifa sahihi ilikufa kwa sababu ilichanganywa na isiyo sahihi.

Kisanduku kitupu ungekikuta, ungempigia mgonjwa simu, ungekijaza. Kilichojazwa na programu hutakitambua kamwe. Programu inayofungua fomu ikiwa na jibu ni karani wa kura anayekukabidhi karatasi iliyokwisha kutiwa tiki, halafu anakuambia una uhuru wa kuibadilisha.

Na mkoa ni afadhali. Fikirieni orodha ya makundi ya damu. Kwa alfabeti inaanza na A. Programu inamwandikia mtu kundi A+ kabla hajachomwa sindano ya kipimo. Nimeiona fomu ya namna hiyo kwa macho yangu, na niliomba izimwe siku hiyohiyo.

Dawa yake ni fupi, iandikeni:

cboMkoa.DisplayMember = "Jina";
cboMkoa.ValueMember = "MkoaId";
cboMkoa.DataSource = mikoa;
cboMkoa.SelectedIndex = -1;

Iwekeni ndani ya tukio la Load, fomu inapofunguka, siyo kwenye konstrakta, ule msimbo unaoijenga fomu, kwa sababu kule uunganishaji wa data unaweza kuwa haujakamilika na hiyo -1 ikafutwa baadaye. Halafu kwenye kitufe cha Hifadhi, kabla ya kitu kingine chochote, angalia kama SelectedIndex iko chini ya sifuri. Ikiwa hivyo, weka alama ya ErrorProvider pembeni ya kisanduku, rudisha kielekezi pale, usihifadhi.

Najua mtakachosema. La kwanza: "Mteja anataka kasi, asilimia kubwa ya wagonjwa wanatoka mkoa huu." Sawa, basi weka mkoa huo kwenye mipangilio ya kituo, mtu mwenye mamlaka auchague siku ya kufunga programu, na fomu iusome kutoka pale. Hapo kuna mtu aliyeamua. Alfabeti haijui kituo chako kiko wapi. Na hata hivyo usifanye hivyo kwa kundi la damu, wala kwa jinsia, wala kwa kitu chochote kinachomhusu mtu mmoja mmoja. Jinsia isiwe komboboksi hata kidogo. Weka vitufe viwili vya duara vinavyoonekana wazi, vyote vikiwa havijabonyezwa.

La pili: "Mimi naweka safu ya kwanza inayosema Chagua Mkoa, yenye namba 0." Hii imeenea sana, na siipendi. Umeingiza mkoa wa uongo kwenye orodha ya mikoa, na sasa kila ripoti, kila hesabu, kila fomu nyingine lazima ikumbuke kuuruka. Siku moja mtu atasahau. Kama jedwali lako halikulindwa kwa ufunguo unaolazimisha kila namba iwepo kwenye jedwali la mikoa, sifuri itaingia na kukaa. Maandishi "Mkoa" yaweke kwenye lebo pembeni, ndiyo kazi ya lebo.

La tatu, kutoka kwa wale wasiotumia Windows Forms: "Sisi haituhusu." Inawahusu. JComboBox ya Swing kwenye Java ukiipa orodha ya vitu inachagua cha kwanza. Itabidi uite setSelectedIndex(-1). QComboBox ya Qt, kwa wale wa C++, ukiongeza kitu cha kwanza kwenye orodha iliyokuwa tupu, inakichagua. Na tangu Qt 5.15 kuna setPlaceholderText, maandishi ya kuonyesha kisanduku kikiwa tupu, itumieni. Combobox ya ttk kwenye Python inaanza tupu. Wameiweka vizuri, halafu mnafungua mafunzo ya mtandaoni yanayowafundisha kuandika current(0), yaani chagua cha kwanza, ili "ipendeze". Ipendeze kwa nani?

Jambo la pili ni ndugu wa la kwanza: jibu linalobadilika baada ya mtu kulitoa. Mtumiaji amechagua Mwanza, vizuri kabisa. Anataka kushuka chini ya fomu, anazungusha gurudumu la kipanya. Komboboksi bado ndiyo inayosikiliza, kwa hiyo fomu haishuki. Mwanza inakuwa Njombe, inakuwa Pwani. Macho yake yako chini ya fomu, haoni. Anabonyeza Hifadhi. Jaribuni wenyewe sasa hivi, mashine ziko mbele yenu. Mmeona? Kwenye tukio la MouseWheel, kama DroppedDown ni false, yaani orodha haijafunguliwa, geuza e, kigezo cha tukio, kuwa HandledMouseEventArgs na uweke Handled = true. Mistari mitatu. Iwekeni kwenye darasa lenu la komboboksi, fomu zote zirithi.

Ndugu wa tatu ni komboboksi mbili zinazotumia jedwali moja. "Mkoa wa kuzaliwa" na "Mkoa wa makazi", zote umezipa DataSource ileile. Ukichagua Kigoma juu, na chini inakuwa Kigoma. Sababu ni kwamba fomu ina kielekezi kimoja cha "tuko safu gani" kwa kila chanzo cha data, na komboboksi zote mbili zinakifuata. Ipe kila moja BindingSource yake mpya, zitaachana. Wengi hugundua hili haraka kwa sababu linaonekana. Hatari ni pale komboboksi ya pili iko kwenye kichupo kingine ambacho hakuna anayekifungua.

Naona nimeonyeshwa dakika kumi. Basi niende mbio.

Mpangilio wa mistari: ile ValueMember itangulie DataSource, kama nilivyoandika. Ukiigeuza, tukio la SelectedIndexChanged linaamka katikati ya uunganishaji, unasoma SelectedValue ukitegemea namba, unapewa DataRowView, yaani safu nzima ya jedwali, programu inaanguka. Halafu mtu anaizungushia try na catch tupu, inayonasa kosa na kulinyamazia, na kusema amerekebisha. Hujarekebisha! Na kama unataka kujua mtumiaji amechagua, tumia SelectionChangeCommitted, hiyo inaamka mtu anapochagua mwenyewe tu. Kwa mnyororo wa mkoa, wilaya na kata ndiyo itakayowaokoa, vinginevyo kujaza wilaya kunaamsha kata kabla hata mkoa haujachaguliwa.

DropDownStyle: chaguo-msingi ni DropDown, inayoruhusu kuandika chochote. Utapata "DSM", "Dar", "D'Salaam" na "Dar-es-Salaam" kwenye sehemu moja. Weka DropDownList, inayoruhusu kuchagua tu. Mtu atauliza, je, kuandika haraka? DropDownList inasikia kibodi: bonyeza herufi, inakwenda kwenye jina linaloanza na herufi hiyo, bonyeza tena, linalofuata. Kwa M utapita Manyara, Mara, Mbeya, Mjini Magharibi, Morogoro na Mtwara ndipo ufike Mwanza, na inavumilika. Isipokuwa kama umeandika "Mkoa wa Arusha", "Mkoa wa Dodoma", mpaka mwisho. Hapo herufi zote ni M na umemnyang'anya mtumiaji kibodi yake. Majina matupu, tafadhali.

Ukubwa: MaxDropDownItems, idadi ya majina yanayoonekana orodha ikifunguka, ni 8 usipoigusa, na ili namba yako iheshimiwe weka IntegralHeight iwe false. Majina marefu yakikatika, ongeza DropDownWidth. Hakuna haja ya kupanua kisanduku chenyewe.

Kujaza kiotomatiki kwa orodha za kata, ambazo ni maelfu, sitakugusa leo. Kwa kifupi tu, orodha ndefu hivyo isiwe komboboksi, iwe kisanduku cha kutafutia.

Zoezi, na nitalikagua. Kila mmoja afungue programu aliyoiandika mwenyewe, ile anayojivunia. Fungua fomu mpya, andika jina la mtu, usiguse kitu kingine chochote, bonyeza Hifadhi. Kisha nenda kwenye jedwali usome safu iliyoingia, sehemu moja baada ya nyingine, na uniandikie kila jibu ambalo hukulitoa. Maswali mtaniuliza mkiwa na hizo safu mikononi.