Kujenga Reli Ndogo ya Tawi la Mashambani

Karibuni, watazamaji. Ubao mnaouona ni plaiwudi yenye urefu wa sentimita 240 na upana wa sentimita 45, na juu yake tutajenga stesheni ya mwisho ya tawi la reli ambalo halimo katika ramani yoyote. Tunatumia kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko cha reli halisi, ambacho reli zake mbili huachana kwa milimita 16.5. Fremu iliyo chini ya ubao sitaieleza. Hakikisheni tu kwamba haiyumbi.

Kabla ya kugusa reli, amueni tawi lenu lilijengwa ili libebe nini. Langu linabeba magogo, pamoja na abiria wachache waliopewa behewa moja kwa hisani. Njia za mashambani zilijengwa kwa fedha za kubana, kwa hiyo kila swichi ya kugawa njia sharti iwe na kazi yake. Mimi nina tatu tu. Mbili zinaunda njia ya kuzungukia, kwa kuwa kichwa cha treni kikishafika mwisho wa reli hakina budi kufunguliwa, kupita kando ya mabehewa yake na kufungwa upande wa pili. Ya tatu inaelekea mahali pa kupakilia magogo. Najua wapo miongoni mwenu wanaotamani swichi ya nne, ya tano, na karakana yenye meza ya kugeuzia vichwa, lakini hapo mtakuwa mnajenga bohari ya mji mkubwa.

Pangeni reli zote bila gundi, kisha wekeni mabehewa juu yake. Mabehewa matatu yanapaswa kuenea kati ya swichi mbili za kuzungukia bila kuziba njia ya jirani, na baada ya swichi ya mwisho ibaki nafasi ya kutosha kichwa kizima, la sivyo kitafika huko na kushindwa kurudi. Upande wa kulia reli inapita chini ya daraja la barabara na kuingia ubao wa maficho, ambako treni hupangwa kwa mkono.

Mkiridhika, bandikeni kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha lehemuni waya mwekundu na mweusi kwenye kila kipande cha reli. Msitegemee viungio vya chuma kupitisha umeme, kwani rangi na gundi vitapenya humo baadaye.

Ngojeni kidogo, behewa limeruka njia. Nasogeza kamera. Tazameni hapa: ncha ya reli imepanda juu ya kiungio badala ya kuingia ndani yake. Jicho halioni kitu ukiwa umesimama, lakini ukipitisha kidole juu ya reli unakikuta kigingi. Naitoa, naiingiza upya, napitisha kidole tena. Sasa behewa linapita.

Pakeni reli rangi ya kutu ubavuni na kufuta sehemu ya juu papo hapo. Halafu zinakuja kokoto, na hapa naomba utulivu. Kokoto halisi ya sentimita 5 huwa takriban milimita 0.6 katika kipimo chetu, kwa hiyo msinunue zile kubwa zinazofanya mataruma, yale mapande yanayolala chini ya reli, yaonekane yamezama katika mawe ya kujengea nyumba. Zisambazeni kwa brashi laini, nyunyizeni maji yenye tone la sabuni, kisha dondosheni gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni, gundi hujikunja na kuburuta kokoto.

Kwenye swichi, gundi isifike kwenye ndimi zinazosogea. Narudia: isifike. Wekeni kokoto chache kati ya mataruma, acheni wazi ule mpini unaounganisha ndimi mbili, na muendelee kuichezesha swichi huku na huku gundi inapokauka. Ikigoma, msiilazimishe, dondosheni maji ya uvuguvugu, ngojeni gundi ilainike, kisha mtoe kokoto kwa kibanio. Ndimi, watazamaji. Ndimi!

Majani yapandeni kwa ubahili karibu na jukwaa na kwa ukarimu kwenye njia ya magogo, ambayo hakuna anayeifyeka. Miti, kwa maoni yangu, wengi huifanya mbilikimo: mti wa mita 15 unapaswa kuwa na sentimita 17, juu kabisa ya paa la behewa.

Mwisho, futeni sehemu ya juu ya reli kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu utando wa gundi huzuia umeme, kisha pitisheni kichwa peke yake, polepole, katika swichi zote tatu kabla ya kukifungia behewa lolote.