Aliyechoma Sindano Ndiye Aitupe

Ndugu zangu, asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena: sindano haipokezanwi. Mkono ulioitumia ndio unaoidumbukiza kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, pale pale kando ya kitanda, kabla haujashika kitu kingine.

Nilikuwa afisa afya katika hospitali moja, miaka ya nyuma. Asubuhi, zamu ya usiku imeshaondoka, mama mmoja mfanya usafi akatoka wodini na mfuko mweusi. Mweusi, yaani taka za kawaida: maganda ya machungwa, karatasi, chupa za maji. Aliubeba kwa mkono mmoja, unamgusa pajani kila akipiga hatua. Kufika mlangoni akasimama. Akautua, akapandisha kitenge, na juu ya goti palikuwa na tone la damu dogo kama punje ya mtama. Akaniuliza, "Ya mgonjwa gani hii, baba?"

Tukaumwaga mfuko sakafuni. Sindano ilikuwa imeviringishwa kwenye pamba. Wodi ina wagonjwa zaidi ya 20, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Alimeza dawa kinga ya virusi vya ukimwi siku 28. Anatapika, na kazini anakuja. Chanjo ya homa ya ini B hakuwa nayo, kwa sababu tulipochanja watumishi, mfanya usafi hakuna aliyemkumbuka. Sikilizeni basi. Sindano ikitoka kwa mwenye virusi vya ukimwi, hatari ya kuambukizwa ni kama watu 3 kwa 1,000. Ikitoka kwa mwenye homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika 30 kwa 100. Thelathini! Na chanjo ipo.

Najua kuna daktari hapa anasema moyoni: mgonjwa anakata pumzi, nami niende mpaka mwisho wa wodi kutafuta boksi? Hapana, usiende. Boksi ndilo likufuate wewe, likae kwenye toroli la dawa. Anayeliweka kabatini lisichafuke simwelewi kabisa. Na kofia ya sindano usiirudishe. Hapo ndipo watu wanapojichoma vidole. Boksi likifika robo tatu, lifungwe. Nimeona mtu akilitikisa ili zishuke, mwingine akashindilia kwa kidole. Kidole, jamani!

Mwingine ataniambia bajeti. Katika kila kilo 100 za taka za hospitali, kama 85 ni taka za kawaida tu, sawa na za nyumbani. Ukizichanganya na zile 15 za hatari, kilo zote 100 sasa ni za maambukizi, zote zinasubiri tanuri la kuchomea taka na mafuta yake. Kutenganisha ni kuangalia rangi ya ndoo kabla mkono haujaachia. Msiniambie mfanya usafi atachambua baadaye. Huko ndiko tulikompata yule mama.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haya mengine nayapitia mbio. Tanuri: chumba cha pili, kile kinachochoma moshi, kifike nyuzi 850, na plastiki za PVC zisiingie kabisa, zinatoa sumu ya dayoksini. Ule moshi mweusi majirani wanaoulalamikia ni dalili kwamba moto haujatosha. Shimo la kondo la nyuma liwe na mfuniko na bomba la hewa, mbali na kisima. Taka za maabara zenye vimelea zipite kwanza kwenye otoklevu, mashine ya kuua vimelea kwa mvuke, nyuzi 121, ndipo zitoke mlangoni. Maji machafu sitayagusa leo.

Mtu akichomwa: aoshe kwa maji tiririka na sabuni, asiminye, aende saa ile ile. Saa 72 ndiyo mwisho wa kuanza dawa kinga, msizigeuze kuwa ruhusa ya kusubiri zamu iishe.

Kabla ya chai, naomba kila msimamizi wa wodi aandike majina ya wafanya usafi wake, na mbele ya kila jina dozi za chanjo alizopata kati ya 3. Karatasi inaanzia mstari huu wa mbele. Kalamu ninazo.