Mwanga wa Ikweta na Kanzu Nyeupe

Mabibi na mabwana, wapenzi wenzangu wa picha, karibuni. Najua wengi mmekuja kuuliza mnunue kamera gani. Jibu langu ni fupi: hiyo hiyo uliyonayo, hata ikiwa ni simu. Leo nataka tuzungumzie mwanga, maana masomo mengi tunayosoma mitandaoni yameandikwa na watu wenye jua jingine.

Wanatuambia tupige picha "saa ya dhahabu", yaani jua linapokuwa chini, karibu na upeo wa macho. Ulaya wakati wa kiangazi, jua huteremka kwa mshazari, taratibu, na ule mwanga laini hukawia. Hapa Kampala, hatua chache tu kutoka ikweta, jua hushuka karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Likibakiza nyuzi 6 kufika upeo wa macho, una kama dakika 25 tu. Ukiwa bondeni, kilima kinalimeza mapema zaidi. Nafuu yetu ni kwamba ratiba haibadiliki sana: mwaka mzima linazama karibu saa moja kasorobo jioni, likipishana kwa nusu saa hivi.

Basi nendeni Ggaba, pale ufukweni mwa Ziwa Victoria, mapema, saa kumi na moja jioni, mchague mashua yenu na mahali pa kusimama kabla mwanga haujaja. Pale asubuhi jua hutokea upande wa ziwa, kwa hiyo mashua na wavuvi huwa vivuli vyeusi. Jioni, mkitazama maji, jua liko mgongoni, na kila ubao uliopakwa rangi unaonekana. Ombeni ruhusa kwanza. "Ssebo (bwana), naomba picha" haigharimu kitu.

Sasa tuje kwenye kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi, ambako ndugu wote wanakutegemea kwa sababu una kamera. Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe, uso wake mweusi, na jua la saa saba liko utosini. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui harusi wala kanzu. Kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Kikiona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, na uso wa bwana harusi unazama gizani. Kwenye simu, gusa uso wake kisha uvute kile kialama cha jua kwenda juu. Kwenye kamera, bonyeza kitufe cha kujumlisha na kutoa, uongeze kidogo. Simama hapo, ukague ile darizi ya shingoni: nyuzi zake zikianza kupotea, umezidisha.

Dawa bora kuliko vitufe ni kumsogeza mtu. Mlete kwenye ukingo wa hema, ndani kidogo ya kivuli, atazame nje. Mashimo ya macho yanajaa mwanga, na kanzu inatulia. Ila tazama hema lenyewe: la bluu litawafanya wageni wote waonekane wagonjwa. Migomba nayo hutupa ukijani chini ya kidevu. Udongo wetu mwekundu, kinyume chake, hurudisha mwanga wenye joto usoni, na mimi naupenda kuliko vile vioo vya kuakisi vya dukani.

Wala tusijilaumu kwamba ngozi zetu ni ngumu kupiga. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu. Vipimo havikutengenezwa kwa ajili yetu, basi tuvisahihishe kwa mkono.

Kuhusu bodaboda, mwendo wake unataka shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia, ya sehemu 1 ya 30 ya sekunde, huku ukiifuata kwa kiwiliwili chote. Nyingi zitaharibika, futeni. Zile nzuri chache zipelekeni Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, zichapwe, kwa sababu kioo cha simu huficha makosa ambayo karatasi haiyafichi.

Naona mkono umeinuka pale nyuma. Kama ni bei ya lenzi, bwana, tunywe chai kwanza.