Siku Tatu Bangkok: Panga kwa Mto na kwa Jua

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za jioni.

Wengi wenu humu ndani mnakwenda Bangkok kwa shughuli zenu. Kuna wanaofuata nguo Pratunam, kuna waliompeleka mgonjwa hospitali, na kuna wanaopita tu wakielekea Guangzhou. Kazi ikiisha, mtu anabaki na siku mbili tatu mkononi, anaanza kuuliza: nitembee wapi? Anafungua simu, anakuta vivutio thelathini, anachagua kumi vilivyotawanyika kila kona ya mji, na siku yake inaishia kwenye foleni ndani ya teksi. Jioni anarudi hotelini kachoka, hajaona kitu. Hilo linaniuma kwa kweli, maana mji ule una mambo makubwa, na nauli ya kufika kule si ya mchezo.

Ombi langu kwenu leo ni moja: msiipange Bangkok kwa orodha ya vivutio. Ipangeni kwa mto na kwa jua. Mto ndio utakaowapitisha nje ya foleni, na jua ndilo litakaloamua saa ngapi mtembee na saa ngapi mkae kivulini.

Kwa nini mto? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1767 majeshi ya Waburma yaliuteketeza Ayutthaya, mji mkuu wa zamani ulio kilomita 80 hivi kaskazini. Taksin, aliyewakusanya watu baada ya maafa yale, akaweka makao yake Thonburi, ukingo wa magharibi wa mto Chao Phraya. Mwaka 1782 akatawala Rama wa Kwanza, mwanzilishi wa ukoo wa Chakri ambao uko kwenye kiti cha enzi hadi leo. Yeye akavuka ng'ambo ya mashariki, pale mto unapopinda kama kiwiko, ukachimbwa mfereji upande wa nchi kavu, na eneo lote likazungukwa na maji. Hapo ndipo penye Kasri Kuu. Barabara ya kwanza ya kisasa, Charoen Krung, ilikuja miaka ya 1860. Kabla ya hapo watu wa Bangkok walikwenda sokoni, hekaluni na kwa ndugu zao kwa mtumbwi. Baadaye mifereji mingi ikafukiwa ikawa barabara, magari yakajaa, na foleni zake mnazijua waliokwisha kufika. Lakini sehemu kongwe za mji bado ziko pale pale zilipowekwa, kandokando ya maji.

Kabla ya kutoka nyumbani, niseme haraka mambo ya karatasi, kwa sababu safari nzima inaweza kukwamia hapo. Tunaotoka nchi zenye homa ya manjano, na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo, tunadaiwa kadi ya njano. Chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kufika. Ukishuka uwanja wa Suvarnabhumi, usikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza dawati la afya, kadi yako ikaguliwe. Visa inaombwa mtandaoni, iombe mapema. Na tangu Mei 2025 kila mgeni anajaza fomu ya kuwasili ya kidijitali ndani ya siku tatu kabla ya kuingia. Fomu hiyo ni bure. Mtu akikutoza fedha kwa ajili yake, ujue umeingia tovuti isiyo yenyewe.

Kuhusu msimu: Novemba hadi Februari ndiyo miezi ya nafuu. Machi hadi Mei joto linakausha koo, na Aprili ndiyo kilele. Tarehe 13 hadi 15 Aprili ni Songkran, mwaka mpya wao, mji mzima unamwagiana maji barabarani. Ni sherehe ya kuvutia, ila ukiwa na mizigo ya kutuma, ofisi nyingi zimefungwa. Mvua ni kati ya Mei na Oktoba, na mara nyingi humwaga mchana au jioni. Sababu nyingine ya kuamka mapema hiyo.

Sasa siku ya kwanza, na hapa nitakaa kidogo.

Toka hotelini alfajiri, panda treni ya juu mpaka kituo cha Saphan Taksin. Shuka ngazi, gati la Sathorn liko chini yako. Hapo mtakuta boti za aina nyingi, na watu wa kuwauzia ziara za bei kubwa. Ninyi tafuteni boti ya abiria yenye bendera ya rangi ya chungwa. Ndiyo wanayopanda wanafunzi, wafanyakazi wa ofisini na watawa wenye mavazi ya rangi hiyo hiyo. Nauli ni kama baht 16, baht ikiwa ndiyo fedha ya kule. Konda anapita katikati ya abiria na kopo refu la chuma mkononi, analigonga-gonga, chenji humo humo na tiketi humo humo. Nyuma kuna kijana wa kamba anayepuliza filimbi: mlio mfupi, mlio mrefu, na nahodha asiyeiona nyuma ya chombo chake anajua kwa filimbi ile arudi kiasi gani mpaka boti iguse gati. Boti haisubiri. Inagusa, watu wanaruka, imeondoka. Wenye wazee au watoto sogeeni karibu na mlango mapema.

Mtashuka gati la Tha Chang, kwa ajili ya Kasri Kuu. Lango linafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na tiketi zinakoma saa tisa na nusu alasiri. Kiingilio kwa mgeni ni baht 500. Si hela ndogo, lakini kama kuna kiingilio kimoja cha kulipa Bangkok, kilipeni hiki. Magoti na mabega yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Dada zangu, kitenge au kanga ya kujitanda kwenye mkoba itawafaa sana. Ndani ya uwanja huo kuna hekalu la Wat Phra Kaew, na ndani yake sanamu ya Buddha wa Zumaridi. Watu hushangaa ilivyo ndogo: kimo chake ni sentimita 66 hivi, imewekwa juu sana, na imechongwa kwa jiwe la kijani. Hiyo ndiyo sanamu tukufu kuliko zote nchini, na mfalme ndiye anayeibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, msimu wa joto, wa mvua na wa baridi. Mle ndani hupigi picha, unavua viatu, na ukikaa unakunja miguu nyuma ili nyayo zisielekee sanamu. Wenyeji watakuwa wanasali. Tunaojua heshima ya msikiti na ya kanisa hatuhitaji kufundishwa zaidi.

Niseme pia bila kuzunguka: sheria ya Thailand inamlinda mfalme, malkia na mrithi wa kiti dhidi ya matusi, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 3 hadi 15. Utani juu ya picha za mfalme, hata wa kuandika kwenye simu, uacheni.

Nje ya ukuta wa kasri kuna mtego mkongwe. Anakuja mtu nadhifu, mwenye lugha nzuri, anakuambia: kasri limefungwa leo, kuna ibada. Lakini usijali, hapa pana bajaji, kwa baht 20 itakutembeza mahekalu matatu. Bajaji inakutembeza kweli, kisha inakufikisha duka la vito, na humo unaambiwa leo ni siku ya mwisho ya bei ya serikali. Kwetu sisi mtego huu una uzito wake. Bangkok, pamoja na mji wa Chanthaburi, ni vituo vikubwa vya duniani vya kukata na kuuza rubi na yakuti, na mawe ya Afrika Mashariki na Msumbiji yanafika kule. Kwa hiyo mtu wa Arusha anaweza kujiona mjuzi akashawishika. Jibu ni kutembea mpaka langoni na kutazama kwa macho yako. Kasri hufunguliwa karibu kila siku ya mwaka. Anayetaka kununua jiwe anunue kwa mfanyabiashara aliyemjua kabla, na cheti cha maabara mkononi.

Kutoka kasri mnatembea kusini kwa dakika kumi na tano hivi, mnafika hekalu la Wat Pho. Buddha aliyelala wa pale ana urefu wa mita 46, na nyayo zake zimetiwa lulumizi katika alama 108. Pembeni ya ukuta yamepangwa mabakuli 108 ya shaba. Watu wanapita wakidondosha sarafu moja moja, na ukumbi wote unalia kwa mlio huo. Wat Pho ndiyo pia shule mashuhuri ya ukandaji wa Kithai. Miguu ikiwa imechoka, kandwa hapo hapo.

Sasa ni saa sita, jua limesimama. Kula, pumzika. Alasiri teremka gati la Tha Tien, vuka kwa kivuko cha baht chache tu mpaka Wat Arun. Kwa mbali mnara wake unaonekana mweupe. Sogea mpaka uguse: umefunikwa vipande vya vigae vya kauri, maua ya bluu, petali nyekundu, visahani vya Kichina vilivyokatwa na kupangwa kwa mkono, kuanzia chini hadi juu kabisa. Mimi naona hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote Bangkok, na kinastahili saa nzima ya mtu. Kisha vuka tena, ulitazame jua likizama nyuma yake.

Siku ya pili nendeni kwa mfereji wa Saen Saep, ulioanza kuchimbwa mwaka 1837. Boti zake ni nyembamba na ziendazo kasi. Abiria wa pembeni huvuta kamba kuinua turubai ili maji machafu yasiwarukie. Zinapita Pratunam, kwa hiyo wenye mizigo ya nguo mko hatua chache tu. Shukeni karibu na nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani wa biashara ya hariri aliyepotea Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Nyumba ni nzuri, lakini ng'ambo ya mfereji kuna mtaa wa Ban Krua, nao ninaupenda zaidi. Ni mtaa wa Waislamu wa asili ya Cham, jamii yenye asili ya Kambodia na Vietnam, wafumaji waliomfumia Thompson hariri yake. Vichochoro vyembamba, msikiti, na watu wapole. Waislamu wenzangu, msikiti mwingine wa kuujua ni Haroon, karibu na gati la Oriental, na chakula halali cha Kiarabu na Kihindi kimejaa mtaa wa Nana, Sukhumvit Soi 3.

Jioni ni Yaowarat, mtaa wa Wachina. Kabla giza halijaingia piteni Wat Traimit, penye Buddha wa dhahabu wa tani 5 na nusu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni sanamu ya plasta. Mwaka 1955 ilipokuwa ikihamishwa, plasta ikapasuka, dhahabu ikaonekana. Halafu kuleni barabarani.

Siku ya tatu, ikiwa ni Jumamosi au Jumapili, ni Chatuchak, soko lenye vibanda zaidi ya 15,000. Fikeni asubuhi, ondokeni kabla ya saa saba. Hapo jirani kuna soko la matunda la Or Tor Kor, na mtu wa Unguja akiingia humo atatabasamu: doriani, shokishoki, mafenesi, yote yamepangwa. Doriani kuleni hapo hapo, hoteli na treni haziruhusu. Ikiwa si mwisho wa wiki, nendeni bustani ya Lumphini asubuhi na mapema muwaone kenge wakubwa wakitembea kando ya ziwa, watu wakikimbia mazoezi karibu nao bila wasiwasi.

Mtaniuliza, na Ayutthaya? Na soko la kuelea la Damnoen Saduak? Ayutthaya ni mahali pa thamani kubwa, na panastahili siku yake yenyewe, yenye nafasi. Soko lile la kuelea liko kilomita 100 hivi nje ya mji na litakula nusu ya siku yenu kwenye gari. Kwa siku tatu, mimi ningeyaacha yote mawili.

Usafiri mwingine kwa ufupi. Treni ya juu na ya chini ya ardhi zina tiketi tofauti, msichanganye. Kituo cha Sanam Chai cha treni ya chini kiko jirani na Wat Pho, siku ya mvua kitawaokoa. Teksi, dai mita. Inaanzia baht 35. Bolt ipo, kama huku kwetu. Kuhusu saa, Wathai nao huhesabu saa moja ya usiku jua likishazama, kama sisi, lakini tiketi zote huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo someni tarakimu. Bangkok iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa nne.

Kurudi uwanjani, treni kutoka Phaya Thai hadi Suvarnabhumi inachukua nusu saa hivi na nauli haifiki baht 50. Lakini wenye marobota msiipande saa za watu kutoka kazini. Tumeni mzigo kwa wakala siku moja kabla, mpande na begi la mkononi.

Karibuni maswali. Dada wa mbele ameinua mkono tangu nilipotaja chakula cha barabarani, tuanze naye.