Mwalimu Asiyehamishwa: Shule ya Wamonaki wa Subiaco

REHEMA: Karibuni tena kibarazani. Leo mwenzangu Deo kaja na kichupa, kakiweka mbele ya maikrofoni kama mganga. Hebu sema, kaka, tusije tukakimbia.

DEO: Pilipili mbuzi hiyo, dada. Shemeji yangu kaileta kutoka jimbo la Arkansas, Marekani. Wanaoitengeneza ni wamonaki.

REHEMA: Wamonaki wa kusali?

DEO: Wa kusali na jembe mkononi. Abasia yao, yaani monasteri wanamoishi pamoja, inaitwa Subiaco. Mmoja wao alikuwa misioni kule Belize, akarudi na mbegu, akazipanda. Sasa wanauza. Ila mimi kilichonileta ni shule. Hapo hapo abasiani wana shule ya wavulana, kuanzia darasa la 7 hadi la 12 kwa hesabu yao ya Kimarekani. Kuna wa bweni na wa kutwa.

REHEMA: Subiaco si Italia?

DEO: Jina ndilo la Italia. Mtakatifu Benedikto, ambaye wamonaki hawa wanafuata Kanuni yake, akiwa kijana aliikimbia Roma, akakaa pangoni Subiaco miaka kama mitatu. Hawa wa Arkansas walifika 1878, watatu tu, wametokea monasteri ya St. Meinrad, Indiana. Walikuja kuwahudumia walowezi Wakatoliki wa Kijerumani. Ardhi waliipata kwa kampuni ya reli. Kampuni ilitaka watu wahamie kando ya reli yake, maana treni bila abiria na bila mazao ni hasara.

REHEMA: Kumbe biashara ilikuwemo.

DEO: Tangu siku ya kwanza! Shule ikaanza 1887. Mwaka 1901 moto. Wakajenga. Mwaka 1927 moto tena. Wakabaki eneo lile lile.

REHEMA: Mimi ningesoma alama za nyakati, nikahama.

DEO: Ndipo nilipotaka tufike. Mbenediktini, yaani mmonaki wa Benedikto, ana nadhiri ya kudumu katika monasteri yake. Akishaingia Subiaco, ni wa Subiaco mpaka makaburini, na makaburi yenyewe yako pale pale. Sasa mpe chaki mtu wa namna hiyo. Amekufundisha wewe, atamfundisha na mwanao.

REHEMA: Na akiwa hajui kufundisha, je? Mtoto naye arithi adhabu ya baba?

DEO: Aa, hapo umenibana. Lakini sikia yaliyonikuta. Kidato cha tatu tulipata walimu watatu wa fizikia mwaka mmoja. Uhamisho, uhamisho. Kila anayekuja anauliza, "Mmefika wapi?" Na sisi, kwa umoja wetu, tunamtajia mada tunayoijua. Nimesoma nyenzo mara tatu. Umeme nimekutana nao mtaani.

REHEMA: (anacheka) Ndiyo maana siku ile hukuthubutu kugusa fyuzi. Lakini sema kweli, wamonaki siku hizi si wanapungua? Nani anashika chaki?

DEO: Wanapungua, na walimu wengi pale sasa ni walei, watu wasio wamonaki. Lakini kengele ya masifu, sala zao za kila siku, bado inapigwa, na mwanafunzi anawaona wazee wale wale wakiingia kanisani kila siku.

REHEMA: Kwetu nako si wapo? Peramiho.

DEO: Peramiho tangu 1898, Ndanda tangu 1906. Hao ni tawi la St. Ottilien, la Ujerumani. Wa Arkansas mizizi yao ni Uswisi. Kanuni ni ile ile ya Benedikto, sura 73.

REHEMA: Mimi nilikuwa wa kutwa. Kanuni yako ina sura ya mtoto aliyeachwa na daladala?

DEO: Utashangaa. Sura ya 43 inazungumzia wachelewaji. Benedikto anaagiza Zaburi ya 94, yaani ya 95 kwa hesabu ya Biblia nyingi za leo, inayoimbwa mwanzoni mwa sala ya usiku, iimbwe polepole kabisa, ili aliyechelewa aikute. Akikosa, anaingia, lakini anasimama mwisho. Hataki abaki nje.

REHEMA: Subiri. Waimbe polepole kwa ajili ya mchelewaji? Sisi geti lilikuwa linafungwa saa moja na nusu, mlinzi anakutazama kwenye matundu ya bati. Unasikia wenzako wanaimba wimbo wa taifa, wewe uko nje na daftari kichwani, mvua inanyesha.

DEO: Mlinzi naye kaandikiwa, sura ya 66. Mlangoni akae mzee mwenye busara, ajuaye kupokea neno na kulijibu. Na mtu akibisha hodi, mzee huyo kwanza aseme, "Deo gratias", yaani "Mungu ashukuriwe".

REHEMA: Wa kwetu alikuwa anasema "Kesho uje na mzazi."

DEO: Haya, onja basi.

REHEMA: Kidogo tu... Mmh. Deo. Hii si ya kulamba, hii inataka mihogo. Zima mitambo, yule mama wa pale kona hajafunga.