Joshua Giddings, mbunge aliyekaripiwa akarudi kwa kishindo

Asanteni sana wazee wangu, dada na kaka. Leo tumuongelee Joshua Giddings, wakili wa mji mdogo wa Jefferson kule Ohio, aliingia Bunge la Marekani 1838 akakaa humo miaka kama 20 hivi, na mimi namheshimu sana huyu mzee maana alishika hoja moja ya sheria na hakuyumba hata wenzake walipomziba mdomo.

Tuanze na meli. Novemba 1841 meli ya Creole ilibeba watumwa zaidi ya 100 kutoka Virginia kwenda New Orleans, huko baharini usiku watu 19 wakiongozwa na Madison Washington wakaiteka, wakailazimisha iende Nassau, Bahamas, kwa Waingereza ambao utumwa walishaufuta. Sasa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Daniel Webster, akaanza kuwadai Waingereza fidia, yaani watu wamejikomboa wenyewe halafu serikali inawadai kama shehena iliyopotea!

Machi 21, 1842 Giddings akasimama bungeni na maazimio 9. Ukiyasoma wala hayana kelele, anasema utumwa unasimama kwa sheria ya jimbo tu, kwa hiyo meli ikishatoka kwenye maji ya Virginia ile sheria imebaki nyuma, mtu aliyemo amerudiwa na haki yake ya kuwa huru, na akiipigania hajavunja sheria yoyote ya Marekani. Basi. Na hapo ndipo palipowauma, angewatukana wangemtukana yakaisha, lakini hoja ile hawakuwa na jibu lake.

Kesho yake wakamkaripia rasmi kwa kura 125 dhidi ya 69, hata nafasi ya kujitetea hawakumpa. Akajiuzulu, akaenda kwa wapiga kura wake Ohio, wakamrudisha kwa kura nyingi mno, Mei tayari yuko kwenye kiti chake. Na tangu 1836 Bunge lilikuwa na kanuni ya kuyaweka kando maombi yote ya wananchi dhidi ya utumwa bila kuyajadili, aliyeipinga kuliko wote ni rais wa zamani John Quincy Adams, basi Desemba 1844 nayo ikafutwa.

Uzeeni hakulegea. Kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican, Chicago 1860, alitaka ilani iseme watu wote wameumbwa sawa, wajumbe wakakataa, akainuka akatoka zake, mpaka mjumbe mwingine alipoirudisha hoja ikapita ndipo naye akarudi ukumbini.